UZI: Mchungaji wa Texas aliyefika Malindi kwa masafa mafupi – maisha ya J. Vernon McGee

Fundi wa Masafa aliandika:

Wakuu, salaam kutoka Malindi. Kazi yangu ni kutengeneza redio. Kibanda changu ni kile kile tangu enzi watu wanabeba redio begani siku ya mpira, hadi leo ambapo kazi nyingi ninazoletewa ni chaja na spika ndogo za kuchomeka memori kadi.

Nina jambo la kusema na ni refu, mnivumilie.

Tangu Aprili 2023, ukitaja mhubiri wa runinga hapa mjini, watu wananyamaza. Walio mbali waliisoma Shakahola, ule msitu waumini walikokufa kwa kufunga kula, kwenye magazeti. Sisi tuliona magari yakiingia mochari ya hospitali yetu siku baada ya siku, na wageni kutoka bara wamekaa chini ya miti na mifuko yao, wanasubiri kuitwa wakatambue mtu wao. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni. Mhubiri anayeshtakiwa kwa mambo yale alikuwa na kanisa hapa hapa Malindi na kituo chake cha runinga. Amekana mashtaka, na hukumu ni ya korti, si yangu. Ila juma lililopita kijana mmoja alikuja kuchukua simu yake, akasikia redio yangu inasoma Biblia, akasema: "Fundi, zima hao. Wote baba yao mmoja."

Sikumjibu. Nikarudi nyumbani na neno lile na usingizi ukakataa. Kwa maana namjua mmoja ambaye baba yao si mmoja, na sikumjua kanisani, nilimjua ndani ya redio mbovu.

Katikati ya miaka ya tisini alikuja mama mmoja kutoka Ganda, redio kaifunga kwa leso kama anayebeba mtoto. Nilipofungua mgongo wake nilikuta mayai mawili ya mjusi pembeni ya transfoma, na ule uzi unaovuta sindano ya stesheni ulikuwa umekatika, mtu akaufunga kwa mshipi wa kuvulia samaki. Kwenye kioo, upande wa masafa mafupi, palikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Nilitaka kuipangusa ili nisome namba. Mama akanishika mkono.

"Mwanangu, hapo usipaguse. Hapo ndipo anapokaa mwalimu wangu."

Nikamwambia arudi baada ya siku nne. Akasema siku nne ni nyingi, kwa sababu wako Ezekieli, na akichelewa atakuta wenzake wamekimaliza kitabu.

Mama huyu hajui kusoma. Nilimuuliza basi anafuataje. Akanieleza kwamba kipindi kikiisha, mjukuu wake wa darasa la sita anakaa kwenye koroboi na kumsomea sura ile ile iliyofundishwa, aya kwa aya. "Nahakikisha," akasema. "Isije ikawa mwalimu kaongeza yake."

Redio niliimaliza kesho yake. Nilikaa nayo usiku nikiijaribu, na kwa mara ya kwanza nikasikiliza mwalimu wa nukta nyekundu. Kiswahili kizuri cha mtu wa huku kwetu, sauti ya utulivu. Hakuna kupiga kelele, hakuna kuombea mafuta. Mtu anasoma, anaeleza, anasonga mbele.

Miaka ikapita kabla sijajua kwamba ile sauti ilikuwa ya mfasiri, na kwamba mwenye masomo alikuwa Mmarekani ambaye wakati mama ananiletea redio alishakuwa kaburini. Jina lake John Vernon McGee. Nikaanza kumtafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Alizaliwa tarehe 17 Juni 1904 huko Hillsboro, Texas. Wazazi walikuwa watu wa kuhama hama wakifuata kazi. Alipokuwa na miaka 14 baba yake akafariki, mama akawachukua watoto wakaenda Tennessee. Kijana akaingia kazi ya benki Nashville. Natua hapa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunajua maana ya kufiwa na baba ukiwa na miaka 14: shule inakuwa kitu cha kubembeleza. Yeye alibembeleza akapata. Shahada ya kwanza Memphis mwaka 1930, kisha chuo cha theolojia cha Columbia kule Georgia, na mwaka 1933 akawekewa mikono kuwa mchungaji wa Presbyterian. Hakuishia hapo. Akaenda chuo cha theolojia cha Dallas, akachukua shahada ya uzamili mwaka 1937 na udaktari wa theolojia mwaka 1940.

Kwa hiyo mtu aliyekuja kuongea na mama asiyejua kusoma alikuwa amesoma mpaka mwisho wa kusoma. Na humsikii akijitapa nayo. Ukisikiliza kanda zake za Kiingereza, lafudhi ni ya mkulima wa Texas, maneno anayavuta, anamwita msikilizaji rafiki. Walikuwepo waliodhani hajaenda shule.

Nitaendelea, mteja amekuja.

Nyuki wa Gede aliandika:

Fundi usituache hapo. Mimi babu yangu alikuwa na redio ya namna hiyo, na sisi watoto tulikuwa tunakatazwa hata kuipitia karibu. Saa ya taarifa ya habari nyumba nzima kimya.

Fundi wa Masafa aliandika:

Nimerudi.

Baada ya Dallas akahamia California, akawa mchungaji Pasadena, na mwaka 1941 akaanza kipindi cha redio cha kila juma. Hicho ndicho kianzio cha utangazaji wake. Wakati huo redio ndiyo ilikuwa sebule ya watu, na wachungaji wengi waliitumia kupeleka ibada ya Jumapili ilivyo, pamoja na kwaya na kukohoa kwa waumini. Yeye alitaka kingine: darasa.

Mwaka 1949 akaitwa kuchunga Church of the Open Door, katikati ya jiji la Los Angeles. Kanisa hilo lilianzishwa mwaka 1915 na mchungaji wake wa kwanza alikuwa R. A. Torrey. Ukumbi wake ulikuwa na viti takriban 4,000, na juu ya paa kulikuwa na maandishi makubwa ya taa nyekundu, Yesu Anaokoa, yanaonekana usiku kutoka mbali. Mtu akipewa mimbari kama ile ni rahisi kugeuka msanii. McGee alifanya nini? Aliwaambia waje Alhamisi jioni na Biblia zao. Alhamisi! Siku ya kazi, watu wamechoka, wamepanda mabasi. Wakaja kwa maelfu, kusoma Biblia, kitabu kwa kitabu.

Alikaa pale miaka 21.

Mwaka 1965 madaktari wakamwambia ana saratani. Alikuwa na miaka 61. Akafanyiwa upasuaji, akaishi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, akaanza kipindi ambacho ndicho kilichomfikia mama wa Ganda: kupitia Biblia yote, Mwanzo hadi Ufunuo, hewani. Mwanzo alikwenda mbio, watu wakawa wanaachwa, akapanga upya iwe safari ya miaka 5: nusu saa kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Na hakwenda mstari mmoja. Alichanganya Agano la Kale na Agano Jipya, anamaliza kitabu kimoja huku anavukia kule, msikilizaji asichoke. Safari ile wakaiita basi la Biblia. Ukichelewa kituo cha kwanza panda cha pili, ukishuka kwa ugonjwa au msiba panda tena, litazunguka likurudishe ulipoachia.

Kwa mtu wa Malindi mfano huo hauhitaji maelezo. Matatu ya kwenda Mambrui ukiikosa, unakaa, inakuja nyingine.

Mwaka 1970 aliacha uchungaji ili afanye kazi hiyo peke yake, ofisi Pasadena. Tarehe 1 Desemba 1988 alilala kwenye kiti chake na hakuamka. Miaka 84. Walioachiwa kazi wakaamua basi lisisimame, kwa sababu masomo yote yalikuwa yamerekodiwa. Leo yanasikika kwa lugha zaidi ya 100, na Kiswahili ni mojawapo.

Tazameni hesabu yake: miaka 21 kwenye mimbari ya Los Angeles, na kutoka 1967 hadi 1988 miaka 21 mingine kwenye maikrofoni. Mimbari ile waliijua watu wa jiji lake. Maikrofoni ikafika Ganda.

Binti Shella aliandika:

Assalam aleikum fundi wetu. Mimi ni Muislamu wa hapa hapa Shella ya Malindi na nimesoma yote kwa makini, sijaruka. Marehemu bibi yangu alikuwa na jirani Mgiriama ambaye redio yake ilisikika mpaka kwetu jioni. Bibi alikuwa akisema, "Yule anasoma tu, hagombani na mtu, mwacheni."

Ila nina swali nalo ni la kweli, si la ubishi. Wahubiri wa kigeni pwani hii hawakuanza na redio. Kanisa dogo la Wareno lile la makuti karibu na ufuo, tunaambiwa padri Mkatoliki Francis Xavier alipita hapa mwaka 1542 akielekea India. Mwenyewe aliandika katika barua kwamba mzee mmoja wa Malindi alimlalamikia kuwa mji una misikiti 17 na inayoswaliwa ni mitatu tu, tena kwa watu wachache, akamuuliza kama na kwao ni hivyo hivyo. Napenda sana habari hiyo, kwa sababu wawili wale walikaa wakaongea kama watu. Sasa redio haiulizwi swali. Mtu wa Marekani ana nini na hewa yetu? Na nani alilipa?

Fundi wa Masafa aliandika:

Waaleikum salaam dada. Swali zuri na ninashukuru umelileta kwa adabu.

Nianze na hewa, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Masafa mafupi hayaendi moja kwa moja kama FM. Yanapanda juu, yanagonga tabaka la hewa lenye chaji, yanarudi chini mbali sana. Ndiyo maana FM ya Mombasa inakufa njiani lakini stesheni ya ng'ambo inaingia safi saa mbili usiku. Mashirika ya Kikristo yaliijua siri hiyo mapema. Trans World Radio walianza kurusha kutoka Tangier, Moroko, mwaka 1954, na mwaka 1974 wakafungua mitambo Swaziland, nchi ambayo leo ni Eswatini. Kutoka pale hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 2,500, na Kiswahili chao kilikuwa kinaingia. Upande wa mashariki walikuwepo FEBA, Ushelisheli, tangu 1970. Antena zao walizisimamisha juu ya miamba ya matumbawe, ndani ya bahari, kwa sababu maji ya chumvi husaidia mawimbi kuruka mbali. Ukisimama ufuoni Silversands ukitazama mbele, kama kilomita 1,700 hivi, ndiko zilikokuwa. Walizima masafa mafupi mwaka 2003. Siku niliyosikia zimezimwa nilihuzunika kama fundi, hata tukiacha dini.

Nani alilipa? Wasikilizaji wa huko kwao. Huduma ya McGee inaendeshwa kwa michango ya wanaosikiliza.

Na lile la kwamba redio haiulizwi swali, dada, hapo umenigusa. Ni kweli. Ndiyo maana nikamtaja mama na mjukuu wake. Yeye swali lake aliliuliza kwenye kitabu, baada ya mwalimu kunyamaza. Sijui njia nyingine ya kumhoji mtu aliye ndani ya redio.

Binti Shella aliandika:

Nimekubali. Bibi huyo ana akili kuliko wengi wetu wenye vyeti.

Nyuki wa Gede aliandika:

Fundi, hapo kwenye michango umenikumbusha jambo. Kuna mchungaji mmoja, simtaji, alikuwa na kipindi asubuhi kwenye redio. Robo saa neno, robo saa namba ya M-Pesa. Mama yangu alituma hela ya mbolea. Mahindi yale ya mwaka ule yalitoka njano. Hakurudishiwa, wala hakudai, alisema amempa Mungu. Mimi nilidai kimoyomoyo mpaka leo.

Mwimbaji wa Maweni aliandika:

Bwana asifiwe. Mimi ni Mpentekoste, naimba kwaya. Fundi, umempamba mzee wako, lakini sema yote. McGee hakuwa wa kwetu. Mambo ya kunena kwa lugha hakuyakubali tunavyoyakubali sisi. Na alikuwa wa ile shule ya Dallas inayogawa historia ya Biblia kwa vipindi, unyakuo wa waumini kwenda mbinguni kwanza, dhiki ya dunia baadaye. Si kila mwamini anaisoma hivyo. Mtu akimsikiliza miaka 5 atatoka na macho ya Dallas.

Fundi wa Masafa aliandika:

Amina, mwimbaji. Umesema kweli na sipunguzi hata neno. Alikuwa mtu wa upande wake. Alifundisha unyakuo na utawala wa miaka elfu kama walivyomfundisha. Mimi mwenyewe ni Mwanglikana, kuna siku nimeikunja sura nikimsikiliza, hasa anapogusa makanisa makubwa ya zamani.

Ila nikwambie tofauti niliyoiona. Mtu anayechagua aya za kuhubiri anaweza kuishi maisha yake yote bila kukutana na aya inayompinga. Anayejifunga kwenda Mwanzo hadi Ufunuo hana pa kukwepea. Atafika Wakorintho, atake asitake, na pale Paulo anazungumzia lugha. Atasema maoni yake, sawa, lakini aya yenyewe ameisoma mbele yako, na wewe umeisikia, na Biblia iko mapajani. Ukimkataa, unamkataa kwa kitabu alichokufungulia yeye. Wewe mwenyewe umemjua kasoro zake namna gani? Si kwa kuwa ameziweka wazi?

Na siku za mwisho alizifundisha sana, lakini hakuweka tarehe. Mathayo 24:36, siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Nalitaja hilo kwa sababu ya mji tunaoishi.

Mwimbaji wa Maweni aliandika:

Hapo sina neno. Nilimsikia kwanza kwa kaka yangu aliyekuwa baharia, alikuwa anamsikiliza kwa Kiingereza melini. Akirudi likizo anakaa barazani na Biblia mbili, ya Kiingereza na ile ya Kiswahili ya Union Version ya 1952, analinganisha. Tulidhani anasomea upadri.

Kijana wa Magarini aliandika:

Nimesoma uzi huu tangu asubuhi na sikutaka kuandika.

Shangazi yangu aliingia msitu ule. Aliuza mbuzi, akauza kitanda, akaenda na watoto wawili. Mtoto mmoja alirudi.

Fundi, unasema habari ya kushika Biblia na kuhakikisha. Shangazi alikuwa na Biblia. Ilikuwa imechakaa kwa kusomwa, kurasa zimepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Alijua kusoma vizuri kuliko huyo mama wako. Tena alinifundisha mimi kusoma kwa Biblia hiyo hiyo. Kwa hiyo usituambie kwamba dawa ni kushika kitabu.

Binti Shella aliandika:

Pole sana ndugu yangu. Mwenyezi Mungu awape subira.

Nyuki wa Gede aliandika:

Pole ndugu. Na huyo mtoto aliyerudi Mungu amlinde.

Fundi wa Masafa aliandika:

Kijana wangu, pole. Pole sana. Nimefunga kibanda saa tisa ili nikujibu nikiwa nyumbani, si juu ya meza yenye risasi ya kulehemu.

Umenisahihisha na nimekubali. Nilisema kama vile mwenye Biblia amekingwa, na si kweli. Shangazi yako alikuwa nayo. Sitakuambia kwamba angesikiliza stesheni nyingine angekuwa hai, maana hilo silijui, na ni ukatili kumwambia aliyefiwa.

Niseme kidogo tu nilichonacho. Umetaja mistari ya kalamu nyekundu. Mimi pia nimeona Biblia za namna hiyo, watu huziacha kibandani wakisubiri simu. Ukizifungua unakuta kurasa kumi zimejaa wino mpaka zimetoboka, na kurasa mia hazijaguswa, bado zimeshikana pembeni kama zilivyotoka dukani. Mtu anakuwa na kitabu kizima mkononi lakini anaishi kwenye kurasa kumi alizochaguliwa na mwingine. Sisemi ya shangazi ilikuwa hivyo, sijaiona.

Nakumbuka Matendo 27. Hiyo ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote kwa sababu ni ya bahari. Chombo kimepigwa na tufani, mabaharia wamekaa siku 14 hawajala kitu kwa hofu. Paulo akasimama katikati yao, na hakuwaambia wazidishe mfungo. Aliwasihi wale chakula, akasema chakula kile ni kwa ajili ya kuokoka kwao, akatwaa mkate, akashukuru, akaumega mbele yao wote, akaanza kula. Nao wakachangamka, wakala. Watu 276 chomboni, Luka amewahesabu.

Basi linalopita kila kituo lazima lipite pale. Anayeendesha akitaka kufundisha watu kufa njaa, sura ile itamsimamisha mbele ya abiria wake. Ndiyo sababu ninampenda McGee. Alijinyima uhuru wa kuchagua. Miaka 5 anakwenda na kitabu kinavyotaka, hadi Mambo ya Walawi, hadi orodha za majina ndani ya Hesabu, na akifika mwisho anarudia mwanzo. Mtu wa namna hiyo anaweza kukosea, lakini kukuficha ni vigumu.

Hilo tu ndilo nililo nalo, mwanangu. Ni dogo mbele ya msiba wako.

Kijana wa Magarini aliandika:

Asante fundi. Biblia yake tunayo, polisi waliturudishia vitu. Nimeifungua sasa hivi. Matendo 27 haina mstari hata mmoja.

(Mtoto aliyerudi anaitwa kulala, nitarudi.)

Mwimbaji wa Maweni aliandika:

Fundi, turudi kidogo kwa mama wa Ganda. Yuko hai?

Fundi wa Masafa aliandika:

Yuko, ni mzee sana, macho yamefunga. Yule mjukuu wa darasa la sita ndiye mwalimu wa shule ya msingi leo, na sasa ni mtoto wake anayesoma. Mama anahesabu umri wake kwa mizunguko ya lile basi. Mzunguko wa kwanza mume alikuwa hai, wakawa wanasikiliza pamoja, mume akibisha kila kitu. Wa pili alikuwa mjane. Wa tatu aliupoteza karibu wote kwa sababu mtoto wake wa kiume aliugua, akawa hospitali, akapandia njiani tena walipofika Zaburi. Ananiambia aliporudi hakuulizwa alikuwa wapi. Alifungua redio wakaendelea.

Masafa mafupi yameshuka sana, mjukuu amemwekea masomo yote kwenye memori kadi, yako kwenye spika ndogo nyeusi. Mama hajaipenda. Anasema ukiweza kumsimamisha mwalimu na kumrudisha nyuma, huyo si mwalimu tena. Basi ile redio ya zamani ameiweka dirishani, na kila baada ya miezi inakuja kwangu. Mwezi uliopita nilibadilisha uzi wa sindano. Nukta nyekundu sijaigusa.

Kijana wa Magarini aliandika:

Nimerudi. Fundi, nina redio ya shangazi. Kubwa, ya mawe manne, imekaa tu tangu 2023. Haitoi hata mkwaruzo. Inatengenezeka au niitupe? Huyu mtoto anaiulizia kila siku.

Fundi wa Masafa aliandika:

Usiitupe. Kwanza fungua nyuma utoe mawe leo hii, yakikaa muda huo yanatoa maji yanakula chuma. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye springi, usiukwaruze na kisu, niachie mimi. Usiichomeke kwenye umeme kujaribu.

Njoo nayo Jumamosi asubuhi, mapema kabla ya jua, na huyo mtoto uje naye. Kazi yake haina malipo. Nitamfungulia mgongo aone ndani.